Mdudu wa kifaranga ni somo tusilolifundisha

Pana mambo ambayo kwa udogo wake hayapewi nafasi katika kurasa za gazeti. Waandishi huandika juu ya siasa, bei ya mahindi na mitihani ya taifa, na hawana kosa, kwa kuwa hayo ndiyo yanayozungumzwa sokoni na barazani. Leo naomba ruhusa yako niandike juu ya kiwavi aliyetupwa mbele ya kifaranga. Nikisha kusema, utaamua mwenyewe iwapo jambo hili lilistahili wino.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha katika shule moja iliyo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, si mbali na mji wa Kapsokwony, katika Kaunti ya Bungoma. Hapa kwetu ni nadra kuona boma lisilo na kuku. Tajiri ana kuku, maskini ana kuku, na mjane asiye na ng'ombe wala kondoo hakosi mtetea mmoja wa kumwamsha alfajiri akidai kufunguliwa mlango. Nao watoto wetu, kabla hawajajua kushika kalamu, wanajua kumrushia kuku mdudu. Jembe likifukua buu, mtoto huliokota akamwita kuku wake kwa mlio. Panzi akinaswa kwenye majani, hukatwa miguu akapelekewa vifaranga. Mvua ya masika ikinyesha na kumbikumbi wakaanza kuruka, paka, mbwa, kuku na watoto wote hukimbilia taa moja, kila mmoja akigombea fungu lake.

Tena wako wenye ustadi mkubwa zaidi. Mabondeni kuelekea Kimilili, ambako vichuguu ni vingi, utamwona bibi mzee akichukua chungu kilichovunjika au mkebe mkuukuu, akaujaza samadi mbichi na mabua ya mahindi, akauinamisha jioni juu ya njia ya mchwa. Asubuhi mkebe huwa umejaa mchwa tele. Bibi huukung'uta mbele ya vifaranga, nao hula wakashiba bila yeye kutumia hata senti moja. Elimu hii haimo katika kitabu chochote cha darasani nilichopata kukifundisha. Hupita kutoka mkono hadi mkono, na kama ilivyo kwa mali yoyote isiyoandikwa, sehemu yake hupotea kila mzee anapofariki.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya niandike makala haya. Si kisa cha kujivunia.

Mnamo mwaka 2017, viwavijeshi wa aina ngeni waliingia nchini Kenya, na magharibi mwa nchi ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuumia. Viwavi hao asili yao ni bara la Amerika. Walikuwa wameonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na kabla ya miezi mingi kupita walikuwa wamefika katika mashamba ya Trans Nzoia, Bungoma na Busia. Tangu hapo hawajaondoka. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, wakala jani changa kabla halijakunjuka, na mkulima huona tu matundu na vinyesi kama unga wa mbao. Kila msimu wa kupanda, vita huanza upya.

Msimu mmoja baada ya hapo, nilisimama mbele ya darasa nikatoa ushauri nilioudhani kuwa wa busara. Niliwaambia wanafunzi wangu wawaokote viwavi kwa mikono na kuwapelekea kuku. Nilisema kwamba kazi ni moja na faida ni mbili: shamba litapona na kuku watanenepa. Wanafunzi walifurahi. Mmoja wao, msichana mtulivu wa darasa la saba, alikuwa na vifaranga kumi na wawili aliopewa na nyanya yake. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Wakikua, majogoo wangepelekwa sokoni Chwele, na pesa zingenunua sare ya shule. Mitetea ingebaki itage.

Alinisikiliza kuliko wote. Jumamosi hiyo alichukua kopo akaingia katika shamba la jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe, akaokota viwavi wengi kwa muda mfupi. Baadaye aliniambia kwamba alishangaa jinsi walivyokuwa rahisi kuwapata. Wengine walikuwa wamelala juu ya majani wazi, wamelegea, na wengine wameanguka chini. Hakujua, nami sikuwa nimemfundisha, kwamba kiwavi mwenye afya hujificha ndani, na kwamba anayelala nje amelegea huenda amekwisha kuonja sumu. Shamba lile lilikuwa limenyunyiziwa dawa siku mbili kabla. Mwenye shamba hakusema kwa sababu hakuulizwa.

Jumatatu alikuja mezani kwangu kabla ya kengele. "Mwalimu," akasema, "vifaranga wamelala hawaamki." Kati ya kumi na wawili, tisa walikuwa wamekufa. Hakunilaumu, wala nyanya yake hakunilaumu alipokutana nami njiani. Aliniamkia kama kawaida na kuniuliza habari za nyumbani. Nilimnunulia mtoto yule mitetea wawili. Lakini tangu siku ile sijapata raha kamili, maana najua kwamba somo langu lilikuwa nusu, na nusu iliyokosekana ndiyo iliyoua.

Baada ya mkasa huo nilianza kusoma juu ya ulishaji wa wanyama kwa wadudu. Nilistaajabu kugundua kwamba watu wa nchi za mbali wana mjadala huo huo, ijapokuwa mnyama wao ni mwingine kabisa. Huko Uingereza, Marekani na kwingineko, wako watu wanaofuga nyumbani mnyama mdogo aitwaye fereti. Ni mwembamba, mrefu wa mgongo, mfupi wa miguu. Ukimwona kwa mbali utadhani ni nguchiro, lakini kwa ukoo yu karibu zaidi na kicheche, nyegere na fisi-maji. Wazungu walianza kumfuga zaidi ya miaka 2000 iliyopita ili awatoe sungura mashimoni. Leo wengi humfuga kwa mapenzi tu, kama sisi tunavyofuga paka. Si kila mahali anaporuhusiwa. Jimbo la California, kwa mfano, linakataza mtu kumfuga nyumbani.

Wafugaji hao hupenda kumpa fereti wao nyenje au buu kama kionjo, kwa namna ile ile mtoto wa Kapsokwony anavyompa kuku wake panzi. Lakini kabla ya kumpa, mfugaji makini huuliza maswali matatu. Kwanza, mdudu huyu ni wa aina gani? Pili, ametoka wapi? Tatu, nimpe kiasi gani?

Maswali hayo hayatokani na udekezaji wa mnyama. Yana sababu. Fereti ni mla nyama halisi. Utumbo wake ni mfupi, na chakula hupita mwilini mwake kwa muda wa saa tatu au nne tu. Mnyama wa namna hiyo hawezi kujengwa kwa vionjo. Lazima apate nyama, na mdudu abaki kuwa nyongeza ndogo. Tena mfugaji mwangalifu hamwokoti mdudu bustanini, kwa kuwa hajui jirani alinyunyiza nini. Humnunua kutoka kwa wanaofuga wadudu kwa kazi hiyo. Nilipoyasoma hayo niliinamisha kichwa. Mtu wa London anayemlisha mnyama wa kumfurahisha tu alikuwa ameuliza swali ambalo mimi, mwalimu wa watoto wanaotegemea kuku kwa sare na ada, sikuliuliza.

Hapa nitoe tahadhari, kwa kuwa nawajua vijana. Kijana asome habari za fereti kisha asiende porini kumtafuta kicheche au nguchiro wa kufuga. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka nyumbani mnyama wa pori bila kibali. Zaidi ya hayo, wanyama hao huweza kubeba kichaa cha mbwa, na jino la nguchiro si la kuchezewa. Kicheche tumwachie usiku wake, ambako hata yeye hujitafutia mende, panzi na mabuu. Sisi turudi kwa kuku wetu, maana ndiye aliye mikononi mwetu kihalali.

Je, basi, jawabu ni kuwakataza watoto kabisa wasiwape kuku wadudu? La hasha. Hilo lingekuwa kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Kuku aliumbwa mla wadudu. Anapochakura takataka siku nzima, wengi wa anaowatafuta ni hao. Kifaranga anahitaji chakula ambacho karibu sehemu moja kwa tano ni protini, na ndiyo sababu kifaranga anayekula mahindi matupu hudumaa, manyoya yakasimama na mabawa yakalegea. Protini hiyo katika chakula cha dukani hutoka kwa soya na samaki. Samaki wenyewe mara nyingi ni omena wa Ziwa Victoria, ambao mama mwenye watoto naye anawahitaji sufuriani. Kwa hiyo kuku na mtoto hugombea samaki mmoja, na bei hupanda kwa wote wawili. Mdudu anaweza kuamua ugomvi huo.

Wataalamu wameliona jambo hili zamani. Mwaka 1970, Mkenya mmoja, Profesa Thomas Odhiambo, alianzisha jijini Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kijulikanacho kwa jina la icipe. Aliamini kwamba Mwafrika hawezi kuwashinda wadudu waharibifu, wala kufaidika na wadudu wenye manufaa, kama yeye mwenyewe hawachunguzi. Kituo hicho kingalipo huko Kasarani, na tawi lake la Mbita, kando ya Ziwa Victoria, lina jina la mwanzilishi huyo. Miongoni mwa kazi zake za miaka ya karibuni ni uchunguzi wa nzi mweusi ambaye wafugaji wa Kenya wamezoea kumwita kwa herufi tatu za Kiingereza, BSF. Nzi huyu haumi, wala hana tabia ya kuvamia chakula chetu kama nzi wa nyumbani. Mabuu yake hula maganda, mabaki ya jikoni na taka za sokoni, na yakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini. Tena yana madini ya kalisi kwa wingi, ambayo wadudu wengine wengi hawana ya kutosha, na kuku atagaye hawezi kuunda ganda gumu la yai bila kalisi.

Mwaka 2013, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyohesabu zaidi ya aina 1900 za wadudu wanaoliwa na binadamu duniani, na kuhimiza watumiwe pia katika chakula cha mifugo. Mwaka 2017, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini Kenya lilikuwa tayari na kanuni za wadudu waliokaushwa kwa ajili ya kutengenezea chakula cha mifugo. Mwaka huo huo, Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa wadudu utumiwe kulishia samaki wa kufugwa, lakini kuku na nguruwe wa Ulaya walingoja hadi mwaka 2021. Huko Bondo, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo kizima cha elimu ya juu kinachoshughulikia wadudu kama chakula cha watu na mifugo. Kwa maneno mengine, bibi wa Kimilili mwenye mkebe wa samadi alitangulia, na maprofesa wakamfuata.

Tuna hata mfano wa balaa lililogeuzwa chakula. Nzige wa jangwani walipoivamia Kenya kuanzia mwisho wa mwaka 2019, watu wengi waliuliza kwa nini wasikusanywe wakalishwa kuku. Jibu lilikuwa lile lile lililoniuma mimi: mengi ya makundi yale yalikuwa yamenyunyiziwa sumu. Lakini mapema mwaka 2021, kampuni moja iitwayo The Bug Picture ilifanya kazi na wanavijiji wa sehemu za Laikipia, Isiolo na Samburu. Walikusanya nzige usiku wakiwa wametulia juu ya vichaka, katika makundi yasiyonyunyiziwa dawa, na mkusanyaji akalipwa shilingi 50 kwa kila kilo. Nzige hao walisagwa na kukaushwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Sisemi kwamba hiyo ni dawa ya kumaliza nzige. Nasema kwamba tofauti kati ya chakula na sumu ilikuwa swali moja tu: ametoka wapi?

Sasa nauliza, sisi walimu tunafundisha nini? Katika miaka yangu mingi ya kazi, mdudu ameingia darasani kama mshtakiwa. Tunamchora ubaoni, tunahesabu miguu yake sita, tunagawa mwili wake sehemu tatu, kisha tunaorodhesha makosa yake: anakula mahindi, anaeneza malaria, anatoboa maharagwe ghalani. Nyuki hupewa msamaha kwa sababu ya asali. Waliobaki huhukumiwa pamoja, na adhabu ni kunyunyiziwa dawa. Mwanafunzi hutoka darasani akiwa na mdudu mmoja wa mtihani na mwingine wa nyumbani, na wawili hao hawajuani. Hakuna anayemwambia kwamba kile anachofanya jioni kwa kuku wake ni somo la sayansi, la kilimo na la hesabu kwa pamoja.

Matokeo yake ni mawili, na yote ni mabaya. Mtoto mmoja huacha kabisa ujuzi wa wazee wake kwa kuuonea haya, akamlilia baba amnunulie chakula cha dukani ambacho baba hana uwezo nacho. Mwingine huuendeleza ujuzi huo bila kujua kwamba dunia imebadilika. Nyanya yake alipokuwa msichana, shamba halikuwa na bomba la dawa. Kiwavi wa wakati ule alikuwa kiwavi tu. Kiwavi wa leo huenda amebeba sumu ya duka la pembejeo. Desturi ni njema, lakini desturi iliyoacha kuuliza hali ya leo humwingiza mtu shimoni akiwa na imani kamili.

Kwa hiyo napendekeza tufundishe maswali matatu yale yale, kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la nne ataielewa.

Aina: si kila mdudu ni kitoweo. Mchwa, panzi wa kijani, nyenje na mabuu ya nzi mweusi huliwa na kuku bila shida. Kiwavi mwenye manyoya marefu, panzi mwenye rangi kali atoaye povu linalonuka, na yule mdudu mwekundu na mweusi tunayemwita Nairobi fly, ambaye maji yake huchoma ngozi, waachwe. Rangi kali za mdudu mara nyingi ni onyo kwa anayetaka kumla. Pia mtoto ajue kwamba mende, siafu, nzi na mbawakawa wa samadi huweza kubeba vijidudu vya minyoo ya kuku. Wadudu wakichovywa katika maji yanayochemka kisha wakaanikwa juani, hatari hiyo hupungua sana.

Asili: hakuna mdudu atakayeokotwa katika shamba kabla mwenye shamba hajaulizwa amenyunyiza nini na lini. Akisema amenyunyiza, wadudu wa hapo si chakula. Mdudu aliyelegea, anayetetemeka au aliyekufa bila sababu asiokotwe hata kama shamba ni la baba mzazi. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa husomwa, na mtoto anayejua kusoma amsomee mzazi asiyejua. Naona fahari kubwa kwa mwanafunzi ambaye masomo yake yamewaokoa kuku wa nyumbani.

Kiasi: kionjo si mlo. Wafugaji wengi hutumia kanuni nyepesi, kwamba vitu vya kumfurahisha mnyama visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Kuku mkubwa anayetembea huru atajipimia mwenyewe, lakini kifaranga aliyemwagiwa kumbikumbi bila kipimo huweza kujaza kifuko cha chakula kilichoko kooni hadi kikaziba. Mabawa yaondolewe kwanza, maji yawepo karibu, na changarawe laini isikosekane, kwa maana kuku hana meno. Anayetaka kuwafanya wadudu kuwa sehemu kubwa ya chakula, na si kionjo, hana budi kupima na kuchanganya kwa ushauri wa afisa wa mifugo.

Najua yatakayosemwa. Wako watakaosema kwamba walimu tayari wana mzigo mkubwa, mtaala unabadilika kila mara, na sasa huyu anatuletea viwavi. Nawajibu kwamba siombi somo jipya. Kilimo kimo tayari katika mtaala wa sasa, na vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake lilitokana na maneno Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilihuishwa mwaka 2021 baada ya kudorora kwa miaka mingi. Banda dogo la kuku shuleni, ndoo mbili za mabuu yanayokula maganda ya jikoni, na daftari la kuandika uzito wa vifaranga kila Ijumaa, hivyo havihitaji hazina ya serikali. Vifaranga sita wapewe mahindi peke yake, sita wapewe mahindi na mabuu, wote wapimwe kwa majuma manne. Mwanafunzi aliyeuchora mchoro wa matokeo hayo kwa mkono wake hatasahau maana ya protini hata akiwa mzee.

Wako pia watakaosema kwamba ni aibu kuzungumzia chakula cha kuku ilhali watu wenyewe wana njaa. Ndugu yangu, kuku wa Kapsokwony si pambo la nyumba kama fereti wa London. Yai lake ndiyo dawa ya mtoto dhaifu. Jogoo wake ndiye nauli ya hospitali usiku wa manane. Mtetea wake ndiye sare ya shule. Anayemtunza kuku wa maskini amemtunza maskini mwenyewe.

Na kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto wako akija kukuuliza, "Baba, shamba hili limenyunyiziwa lini?" usimfukuze ukidhani anakuchunguza. Mjibu. Na wewe uliyenyunyiza, funga hata kitambaa chekundu kwenye mti mpakani, ili watoto wa jirani wajue. Kitambaa hakigharimu kitu, na huenda kikaokoa zaidi ya vifaranga, kwa maana huku kwetu watoto wenyewe hula kumbikumbi na mboga za kando ya shamba.

Mwanafunzi wangu yule alimaliza shule ya msingi na kuendelea na masomo. Wale vifaranga watatu waliobaki walikua; mmoja alikuwa jogoo mwekundu, na aliuzwa Chwele kama ilivyokusudiwa, ingawa pesa zake zilinunua sketi tu, na sweta ikangoja muhula uliofuata. Siku hizi, kila masika yanapoanza na viwavi wakaonekana katika mioyo ya mahindi, mimi husimama mbele ya darasa langu nikasimulia kisa hiki bila kuficha sehemu yangu. Kisha huandika ubaoni maneno matatu: aina, asili, kiasi. Wanafunzi huyanakili. Nami hungoja, kabla sijafuta ubao, mpaka mmoja wao anyooshe mkono na kuuliza shamba la jirani lilinyunyiziwa lini.